Sikio Likiziba na Usikivu Ukipungua: Hatua za Kuchukua, Moja Baada ya Nyingine

Mtu mwenye nta iliyoganda sikioni, mtu aliyeshuka kwenye ndege akiwa na mafua, na mtu ambaye sikio lake la ndani limepata hitilafu usiku akiwa usingizini, wote watatu wakiamka asubuhi watasema jambo moja: sikio limeziba. Hisia ni ileile, lakini wa kwanza anaweza kusubiri wiki nzima bila kudhurika, wa pili huenda akapona mwenyewe, na wa tatu ana siku chache tu za kuokoa usikivu wake. Mimi nilikuwa wa tatu nikajihesabu kuwa wa kwanza. Nilitia matone ya mafuta katika sikio la kushoto kwa majuma matatu, nikiwa na hakika kwamba ni nta, na nilipofika hatimaye kwa daktari wa masikio, pua na koo, alichungulia kwa taa yake akaniambia kwamba mfereji ulikuwa safi kabisa. Usikivu wa sikio hilo haukurudi. Sikio la kulia nalo limepungua nguvu taratibu kwa miaka mingi, na leo navaa kifaa cha kusaidia kusikia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na lile ambalo sikulijua wakati ule, yaani kutambua kilichoziba kabla ya kutia chochote sikioni.

Hatua ya kwanza: Tambua ni wapi palipoziba

Sauti hupita katika mfereji wa nje, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, hadi kwenye ngoma ya sikio. Ngoma ikitikisika, vifupa vitatu vilivyo nyuma yake huupokea mtikisiko huo na kuupeleka kwenye koklea, kiungo cha sikio la ndani kilichojikunja kama gamba la konokono. Ndani ya koklea mna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ishara zinazosafiri kwa neva hadi kwenye ubongo. Kizuizi kikiwa kabla ya koklea, yaani katika mfereji, ngoma au vifupa, mara nyingi kinatibika. Chembe za koklea zikifa, kwa binadamu hazioti tena.

Lipo jaribio dogo ambalo unaweza kulifanya hapo ulipo, bila chombo chochote. Kwanza ujizoeze: ziba sikio moja kwa kidole, fumba mdomo, kisha toa mvumo mrefu wa "mmm" kwa sauti ya chini. Utagundua kwamba mvumo unahamia upande wa sikio ulilolizibia kidole, kana kwamba unatoka humo. Ndivyo inavyokuwa njia ya sauti ikiwa imezibwa na kitu. Sasa ondoa kidole na uvume tena ukisikiliza sikio lenye tatizo. Mvumo ukielekea kwenye sikio lililoziba, yaelekea kizuizi kiko njiani: ni nta, ni maji, au ni ute uliojaa nyuma ya ngoma. Mvumo ukielekea kwenye sikio zima na kulikimbia lile lililoziba, basi yawezekana tatizo liko ndani, kwenye koklea au neva, na hapo hupaswi kungoja hata kesho. Jaribio hili hufaa pale tu tatizo linapokuwa upande mmoja, wala halichukui nafasi ya daktari, ambaye hufanya jambo hilohilo kwa uma wa sauti, yaani chuma chenye meno mawili kinachovuma kikigongwa, na kwa uhakika zaidi. Lakini lingenitosha mimi kujua kwamba mafuta hayakuwa dawa yangu.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa usikivu umepotea ghafla, kwa saa chache au kwa muda usiozidi siku 3, hata kama huna maumivu yoyote. Hali hiyo hutibiwa kwa dawa za jamii ya steroidi, na matumaini huwa makubwa zaidi matibabu yakianza katika siku za mwanzo. Baada ya wiki mbili hivi nafasi ya kupona huwa imepungua sana. Ukifika mapokezi usiseme tu kwamba sikio limeziba, kwa kuwa neno hilo litakupeleka mwisho wa foleni. Sema: "Nimepoteza usikivu wa sikio moja ghafla tangu siku fulani," na utaje siku na saa. Vivyo hivyo, usichelewe ikiwa sikio linatoa usaha au damu, ikiwa umepata kizunguzungu kikali, ikiwa uliumia kichwani kabla ya tatizo kuanza, au ikiwa nyuma ya sikio pamevimba na kuuma hata sikio likasukumwa mbele. Uso ukilegea upande mmoja, usingoje hata usafiri wa nafuu.

Hatua ya pili: Ikiwa ni nta

Nta si uchafu. Hutengenezwa na ngozi ya theluthi ya nje ya mfereji, hunasa vumbi, huzuia vijidudu kuzaliana, na husafirishwa yenyewe kuelekea nje kadiri ngozi inavyokua na taya linavyosogea unapokula na kuzungumza. Kwa kuwa haitengenezwi karibu na ngoma, nta inayokutwa imeshindiliwa huko ndani mara nyingi imesukumwa: kwa kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti, unyoya, ufunguo au pini ya nywele. Kijiti cha pamba hutoka na rangi ya njano kwenye ncha, nawe unaridhika kwamba umesafisha, ilhali sehemu kubwa umeisukuma ndani. Wanaovaa vifaa vya kusikilizia, vipokea sauti vya kuchomeka masikioni au vizibo vya kazini hupatwa na tatizo hili zaidi, kwa sababu mlango wa nta huwa umefungwa kutwa nzima.

Kabla ya kutia matone, jiulize kama umewahi kuambiwa kwamba ngoma yako ina tundu, kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa sikio au kuwekewa kijibomba, na kama sasa hivi sikio linauma au linatoa majimaji. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, usitie kitu. Mwone mtoa huduma. Jibu likiwa hapana kwa yote, endelea kama ifuatavyo.

Chukua matone ya kulainisha nta kutoka duka la dawa, au mafuta ya zeituni yaliyotayarishwa kwa matumizi ya masikio. Shika chupa mkononi kwa dakika kadhaa ili ipate joto la mwili, kwa sababu tone la baridi likilipoza sikio la ndani huleta kizunguzungu cha ghafla. Usiipashe motoni kamwe. Lala kwa ubavu, sikio lililoziba likiwa juu. Vuta sikio kidogo kuelekea juu na nyuma ili mfereji unyooke, kisha dondosha matone 2 au 3. Bonyeza taratibu kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio, mara kadhaa, ili mafuta yateremke badala ya kukaa juu ya kiputo cha hewa. Baki umelala kwa dakika 5 hadi 10, kisha inuka na ufute yale yatakayomiminika nje tu. Rudia mara 3 au 4 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5.

Jambo moja huwatisha wengi: siku ya kwanza au ya pili sikio linaweza kuziba zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa nta ikilainika hutanuka. Huko si kuharibikiwa. Nta hutoka kidogo kidogo, mara nyingi usiku juu ya mto, na inaweza kuchukua hadi wiki mbili kumalizika. Lakini maumivu yakianza, au majimaji yenye harufu yakitoka, acha matone na ukapimwe.

Nta ikikataa, inafaa iondolewe na mtu mwenye mafunzo na taa ya kuonea ndani, kwa kusukuma maji yenye joto la mwili, kwa mashine ya kufyonza, au kwa kijiko chembamba. Kabla hajaanza mwambie mambo matatu kama yanakuhusu: kwamba una kisukari au kinga yako ya mwili ni dhaifu, kwa sababu maji yanayobaki sikioni yanaweza kukuletea maambukizi makali, kwamba ngoma yako iliwahi kutoboka, na kwamba hilo ndilo sikio lako pekee linalosikia. Katika hali hiyo ya mwisho mimi sikubali kusukumiwa maji, hata kidogo. Naomba mashine ya kufyonza na mtaalamu mwenye uzoefu, na kama hayupo narudi siku nyingine, kwa kuwa ajali ikitokea sina sikio la akiba.

Mishumaa ya masikio, ile inayochomekwa sikioni na kuwashwa, haivuti nta. Ule unga wa kahawia unaoonyeshwa baadaye ni wa mshumaa wenyewe, na wapo waliounguzwa ngozi kwa nta yake ya moto iliyodondokea ndani. Kadhalika usitie sikioni kitu chochote kilichokamuliwa au kuchemshwa jikoni.

Hatua ya tatu: Ikiwa ni maji, mdudu, punje au mafua

Maji baada ya kuoga au kuogelea huondoka kwa kuinamisha kichwa upande huo, kulivuta sikio huku na huku, na kusubiri. Yasipotoka baada ya siku moja au mbili, kuna uwezekano kwamba yamekwama nyuma ya nta, na sasa unarudi kwenye hatua ya pili.

Mdudu akiingia akiwa hai huleta kelele isiyovumilika, na mtu hushawishika kuchokonoa. Usichokonoe. Ikiwa huna tundu kwenye ngoma, lala ubavu na udondoshe mafuta ya uvuguvugu yamzamishe, kisha geuka ili atoke. Asipotoka, atolewe hospitali. Maharage, mahindi au mbegu yoyote isitiwe maji, kwa sababu hufura na kukaza. Na betri ndogo ya duara, kama ile ya saa au ya kifaa cha kusikilizia, ikiwa imeingia katika sikio la mtoto, usitie tone lolote wala usisubiri kuona itakavyokuwa. Betri huunguza ngozi ya mfereji kwa saa chache tu. Mpeleke mara moja.

Mafua huziba kwa namna nyingine. Sikio la kati limeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba unaosawazisha hewa pande mbili za ngoma. Mrija ukivimba, ngoma huvutwa ndani na sauti zote husikika kama zinatoka chini ya maji. Meza mate mara kwa mara, piga miayo, au bana pua na umeze. Unaweza pia kubana pua, kufumba mdomo na kusukuma hewa taratibu mpaka usikie sikio likifunguka kwa mlio mdogo, lakini usifanye hivyo pua ikiwa imejaa kamasi nzito, wala usitumie nguvu. Dawa za kupulizia puani za kuondoa uvimbe zisizidi siku 5, maana zikizidi pua hurudi kuziba kuliko mwanzo. Kwenye ndege usilale wakati wa kuteremka, na uanze kumeza mate kabla maumivu hayajaanza. Mtoto mchanga apewe titi au chupa wakati huo.

Ute ulioachwa na mafua unaweza kukaa nyuma ya ngoma kwa wiki kadhaa na kuisha wenyewe. Kwa watoto hutokea sana, na wengi hupona ndani ya miezi 3, ila mtoto anayeongeza sauti ya televisheni, asiyeitika akiitwa kwa nyuma, au anayeambiwa shuleni kwamba hasikilizi, apimwe kabla hajaadhibiwa. Kwa mtu mzima, ute wa sikio moja unaodumu wiki nyingi bila mafua yoyote ni jambo tofauti: nyuma ya pua panapaswa kuchunguzwa na daktari, kwa kuwa uvimbe wa huko, hata wa saratani, unaweza kuuziba mrija huo.

Hatua ya nne: Ikiwa njia iko wazi na bado maneno hayafiki

Dalili ya kwanza ya usikivu unaopungua taratibu haiko sikioni, iko kwenye lawama. Unaanza kuona kwamba watu siku hizi wananung'unika badala ya kusema. Unawasikia, lakini huwaelewi, na tofauti ya mambo haya mawili ndiyo kiini cha maisha yote yanayofuata, kwa hiyo nitaieleza kwa mfano.

Chukua maneno saa, taa, kaa, paa. Irabu "aa" ni nzito na ina nguvu. Inafika hata kwa sikio lililochoka. Kinachoyatenganisha maneno hayo ni konsonanti ya mwanzo tu, na sauti kama s, t, f na sh ni hafifu na za masafa ya juu, yaani nyembamba kama filimbi, na masafa hayo kwa kawaida ndiyo ya kwanza kupotea kwa uzee na kwa makelele. Mwenye sikio lililopungua anasikia "aa" barabara, kisha anakisia yaliyobaki. Mtu akimwambia "lete taa" naye akaleta saa, hakuwa amezubaa. Na ukimpigia kelele, unaikuza ile "aa" ambayo tayari alikuwa anaisikia, ilhali konsonanti inabaki palepale.

Omba upimwe kwa chati ya usikivu, yaani odiogramu. Utavalishwa vipokea sauti na kubonyeza kitufe kila usikiapo mlio, hata ukiwa hafifu kiasi gani. Mstari wa juu wa chati huonyesha masafa, kwa kawaida kutoka hezi 250 hadi 8,000, na wa pembeni huonyesha desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kadiri alama zinavyoshuka chini ndivyo sauti ilivyohitaji kukuzwa ili uisikie. Duara ni sikio la kulia, alama ya X ni la kushoto. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, chini ya desibeli 20 ni usikivu wa kawaida, 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo, 35 hadi chini ya 50 ni wa kati, 50 hadi chini ya 65 ni wa kati unaokaribia mkubwa, na kuanzia 65 ni mkubwa. Omba pia upimwe uelewa wa maneno, si milio peke yake, na uondoke na nakala yako. Mtu akikuambia kwamba umepoteza "asilimia fulani", mwombe akuonyeshe ni katika masafa gani, kwa sababu asilimia moja haiwezi kueleza kwa nini unamsikia mjomba wako na humsikii mjukuu.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia au ulizowahi kuchomwa. Gentamisini, amikasini, streptomisini na sisplatini zinaweza kudhuru sikio la ndani, na kwinini au aspirini kwa dozi kubwa huweza kuleta mlio na kupunguza usikivu kwa muda. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Uliza kama kuna mbadala.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Nalitaja hili kwa ajili ya yule anayeficha chati yake kabatini kwa aibu.

Hatua ya tano: Kukizoea kifaa

Vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo baadhi ya watu huviita shimesikio, hukuza zaidi yale masafa uliyoyapoteza kuliko uliyobaki nayo. Ndiyo maana kifaa cha mtu mwingine, hata kama ni cha marehemu baba yako na bado ni kizima, hakikufai mpaka kirekebishwe kwa chati yako.

Siku za kwanza utashtuka. Mimi nilisikia karatasi ikikunjwa kama moto unaoteketeza majani makavu, na bomba la maji likanguruma. Ubongo ulikuwa umesahau sauti hizo na unahitaji majuma kadhaa kujifunza upya ipi ya kupuuza. Anza nyumbani, chumba kikiwa kimya, kwa saa chache. Soma kwa sauti mbele yako mwenyewe. Kisha zungumza na mtu mmoja, halafu wawili, na mwisho nenda penye watu wengi. Andika kila kinachokukera, pamoja na mahali kilipotokea, urudi nacho kwa fundi wako wa usikivu. Maneno "hakifanyi kazi vizuri" hayamsaidii, lakini "sahani zikigongana naumia, na kwenye gari simsikii aliyekaa nyuma" yanamwambia pa kurekebisha. Watu wengi niliowaona wamekitupa kifaa droo ya chini hawakurudi hata mara moja kurekebishiwa.

Kifaa kikipiga filimbi, kwanza kikaze kikae vizuri, kisha angalia kama sikio lina nta, maana sauti inayokosa njia ya kuingia hurudi kwenye kipaza sauti. Kikinyamaza kabisa, angalia betri, halafu kile kichujio kidogo cha nta kwenye ncha. Betri za zinki huwashwa na hewa: ukibandua karatasi yake, isubiri kama dakika moja kabla ya kuifunga ndani. Rangi ya karatasi hiyo hukuambia saizi: njano ni 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, buluu ni 675. Usiku acha mlango wa betri wazi, na uhifadhi kifaa ndani ya kopo lenye vidonge vya kukausha unyevu. Kivue kabla ya kuoga na kabla ya kupulizia nywele dawa.

Kwa ambaye upungufu wake ni mkubwa mno hata kifaa kikuze namna gani, yapo mambo mengine mawili ya kuuliza: kipandikizi cha koklea, ambacho huhitaji upasuaji na mafunzo ya muda mrefu baadaye, na lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake. Mtoto anayezaliwa bila kusikia asingojeshwe kupata lugha wakati wakubwa wanabishana kuhusu kifaa.

Hatua ya sita: Kupanga mazungumzo

Kifaa hakikupi mahali pazuri pa kusikilizia. Wewe ndiye unayepaswa kupapanga. Unapoingia chumbani, chagua kiti chenye ukuta mgongoni na mwanga ukiangukia nyuso za wengine. Mtu akiwa ameligeuzia dirisha mgongo, uso wake huwa giza na midomo yake haionekani. Kaa hatua moja au mbili tu kutoka kwa unayetaka kumsikia, upande wa sikio lako zuri. Zima redio, usiipunguze, izime.

Acha kabisa kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa jambo ambalo hukulisikia. Najua kwa nini tunafanya hivyo: ni adabu, ni uchovu, ni kutotaka kumkatiza mtu mara ya tatu. Lakini nimewahi kuitikia kwa tabasamu mtu aliyekuwa ananipa habari ya msiba, na uso wake ulivyobadilika bado naukumbuka. Badala ya "ati?" au "sema tena", rudisha kile ulichokipata na uombe kilichobaki: "Umesema tukutane Jumanne, sikupata saa." Hapo mwenzako anarudia neno moja badala ya sentensi nzima, na anajua kwamba ulikuwa unamsikiliza. Tarakimu na majina yarudie wewe kwa sauti ili yathibitishwe. Ya dawa, fedha na safari, omba yaandikwe. Zipo programu za simu zinazogeuza maneno kuwa maandishi papo hapo, na hakuna ubaya kuiweka simu mezani mbele ya daktari ukiomba radhi kwanza.

Kwa wanaoishi na mtu wa namna yetu, yafuatayo yanasaidia kuliko kupaza sauti. Mwite kwanza, "Mama," kisha nyamaza mpaka ageuke, ndipo useme. Usizungumze ukiwa chumba kingine, wala ukiwa umeziba mdomo kwa mkono. Sema kwa mwendo wa kawaida au pungufu kidogo, na akishindwa kupata neno mara mbili, badilisha neno: kama "kesho asubuhi" haikufika, sema "kesho kabla ya saa nne". Na mkicheka wote mezani naye akauliza kilichochekesha, usimwambie "basi, si muhimu". Kila mara nilipoambiwa hivyo nilijifunza kutouliza, na mtu asiyeuliza huanza kubaki chumbani mwake.

Kusikiliza kwa kukisia kunachosha mwili kweli. Jipe nusu saa ya kimya baada ya mkutano au sherehe, na uwaambie watu wa nyumbani sababu yake ili wasidhani umenuna. Mwenye sikio moja akumbuke pia kwamba hawezi kujua sauti inatoka upande gani: barabarani tumia macho pande zote mbili, hata ukiwa na hakika kwamba honi ilitoka kulia.

Hatua ya saba: Kulinda kilichobaki

Mlio wa masikioni, uwe wa kuvuma au wa filimbi, mara nyingi huandamana na usikivu uliopungua, nao huwa mkali zaidi palipo na kimya. Usiku weka sauti ndogo ya feni au ya mvua iliyorekodiwa, chini kidogo ya mlio wenyewe, badala ya kulala katika kimya kabisa. Mlio unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, au ulio upande mmoja tu, upelekwe kwa daktari.

Kwa kelele, kumbuka hesabu hii: desibeli 80 zinavumilika kwa saa 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo desibeli 83 ni saa 20, na 86 ni saa 10 tu. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, vaa vizibo. Kizibo cha sponji kisokotwe kwanza kiwe chembamba, sikio livutwe juu kwa mkono wa upande wa pili, kisha kiingizwe na kushikiliwa kwa kidole nusu dakika mpaka kifure. Kikichomekwa bila kusokotwa hakizuii kitu cha maana.

Pima tena kila mwaka, na uende na chati ya zamani mkononi. Mwombe mpimaji aziweke mbili hizo sambamba mbele yako, na alama zikiwa zimeshuka desibeli 10 au zaidi katika masafa mawili yanayofuatana, uliza sababu kabla hujainuka kwenye kiti.